Shokapu Nane Chini ya Kitanda

Kanuni zote za klabu yetu zilienea kwenye ukurasa mmoja wa kaunta buku, tena nusu ya ukurasa huo ilikuwa orodha ya waliochangia pilau. Zilizobaki zilikuwa mistari kumi na mmoja, mwandiko wa Mwalimu, ule mwandiko wa ubaoni ambao herufi zake zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Mstari wa kwanza ulisema: gari la Daraja la Kawaida liwe kama lilivyotoka dukani. Huo ndio uliotugombanisha miaka mitatu mfululizo, na aliyeuua ni mimi.

Klabu yenyewe msiitafute popote, haikuwahi kusajiliwa. Tulikuwa watu kumi na watatu wenye magari tisa: Mwalimu, aliyestaafu akabaki Kilosa, dereva mmoja wa zamani wa reli, mwenye duka la spea kutoka Morogoro mjini, ndugu wawili wa Iringa ambao baba yao alikuwa na malori, na wengine wa namna hiyo. Mimi nilikuwa na gereji Mikumi, ng'ambo ya pale malori ya Tunduma yanapolala. Mara moja kila kiangazi, baada ya kuomba vibali kwa polisi na kwa wenye shamba, tulishindana kwenye barabara za mkonge upande wa Kimamba. Mkonge ulitufaa. Barabara zake zimenyooka kama rula, zinakatana kwa pembe kali, ukikosea unaingia kwenye miiba wala huingii kwenye sebule ya mtu. Na hakuna tembo. Kule kwetu Mikumi mtu hashindani na gari mwenzake, anashindana na nyati.

Kutoka gereji kwangu hadi Kilosa ni kilomita sabini na kitu, na njiani unapita Ulaya. Hicho ni kijiji, kiko pale miaka yote, na kila mgeni ni lazima aambiwe kwamba tumekwenda Ulaya na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Miaka ile njia ilikuwa ya udongo mtupu. Kiangazi unakula vumbi. Masika unalala kwenye gari ukisubiri trekta.

Ugonjwa huu niliupata utotoni. Nilizaliwa Kilosa mwaka 1958, ubavuni mwa reli, na Pasaka kwetu ilikuwa na mambo mawili: misa, na redio ya mjomba inayotaja magari ya mbio za Safari Rally. Mwaka 1966 alishinda Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Mwaka 1967 wakarudia, wawili wale wale, gari lile lile. Kilosa nzima tulikuwa na Peugeot 404 mbili, sisi tukiziita Pijo, na baada ya Pasaka ile ya pili wenye magari hayo walianza kupunga mkono barabarani kama mawaziri. Maana gari lililoshinda Afrika Mashariki nzima, ukilitazama kwa nje, lilikuwa ndilo hilo hilo lililoegeshwa mbele ya duka la Mhindi, na kuku wamelala chini yake.

Sisi watoto tulishindana kwa magari ya waya, matairi ya kandambili zilizokatwa. Siku moja mwenzetu akaja na gari lenye beringi halisi kwenye magurudumu. Baba yake alikuwa karakana ya reli. Lilikwenda kama maji. Tukakaa kikao chini ya mwembe, tukapitisha kwamba beringi ni marufuku. Nilinyoosha mkono mapema kuliko wote. Nilijiambia natetea haki. Ukweli ni kwamba baba yangu hakuwa na beringi.

Mambo ya Safari ya zamani nilikuja kufundishwa na Mwalimu, tukiwa watu wazima, usiku, mbele ya gereji. Alikuwa akiyajua kama wengine wanavyojua nasaba za manabii. Aliniambia kwamba mwaka 1953, watu wa Nairobi walipoandaa Coronation Safari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, hawakugawa magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi Ulaya. (Ile ya mbali, si yetu.) Waliyagawa kwa bei ya dukani. Gari liwe la kawaida, la kununuliwa na mtu yeyote mwenye hela hiyo, na ushindane na wenye magari ya bei kama yako. Mshindi wa jumla hakutangazwa, lakini waliomaliza na adhabu chache kuliko wote walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen ndani ya Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe.

"Unaona akili hiyo?" Mwalimu aliniuliza. "Hawakumuuliza mtu ana nini chini ya boneti. Walimuuliza ametoa shilingi ngapi."

Sikuiona. Niliona mzee anayependa mambo ya zamani.

Alipenda pia kunikumbusha ya Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya hata kidogo. Ilikuwa imeshatumika kwenye mashindano kabla hawajaipata. Na miaka ya 1963 na 1968, mvua ilipokataa masihara, yakamaliza magari saba tu kila mara, na mara zote mbili walioongoza walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na Peugeot 404 yao. Kwa Mwalimu hiyo ilikuwa hoja, si hadithi: barabara mbaya ni mkaguzi tosha. Yeye mwenyewe alikuwa na Peugeot 504 rangi ya maziwa, ameinunua kwa kiinua mgongo, na hakuwahi kuibadilisha hata taa.

Halafu viwanda vikaja vyenyewe. Datsun walileta timu, Ford wakaleta timu, na mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Ufini akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, na Escort. Baada ya miaka michache Safari ikabaki kuwa ya Kenya peke yake. Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa, ikaja vita ya Kagera, mafuta yakaadimika. Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia kwamba kulikuwa na wakati nchi hii ilikataza magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ukienda kumwona mgonjwa Dumila ilibidi umuage kabla hajamaliza kukueleza anaumwa nini. Nani angezungumzia mbio za magari?

Kwa hiyo tulipoanza, miaka ya tisini, tulianza kama watu waliotoka kifungoni. Ruhusa ya kuagiza magari ilikuwapo, mitumba ya Japani ilikuwa ikimiminika bandarini, na kwa mara ya kwanza fundi kama mimi aliweza kuwa na Starlet yake. Wengine walikuwa na Corolla, mmoja Datsun 120Y ya marehemu baba yake. Tulibandika namba kwa karatasi na gundi. Kanuni zilituruhusu mikanda, bamba la chuma la kulinda sampo, na kofia za pikipiki kwa waliokuwa nazo. Basi. Mwaka wa kwanza alishinda dereva wa reli, wa pili Mwalimu, wa tatu mwenye 120Y. Kila mwaka mshindi alikuwa mtu asiyetegemewa, na kila mwaka aliyeshindwa alirudi nyumbani akiamini mwakani ni zamu yake. Sikujua kwamba hiyo ni mali. Nilidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Kisha ikaja El Niño. Mvua za 1997 hadi 1998 zilifumua barabara nchi nzima, na zile za mkonge zikabaki makorongo matupu. Kiangazi kilichofuata, magari matano kati ya tisa yalivunja shokapu siku moja. Corolla moja ilirudi Kilosa ikirukaruka kama chura, mwenyewe ameshika kiuno.

Tukakutana Mikumi, kwenye baraza ya gesti moja kando ya barabara kuu, Jumamosi usiku. Malori yanapita, meza inatetemeka, kila hoja inakatwa na breki za upepo. Pendekezo lilitoka kwa ndugu wa Iringa: shokapu zisizo za asili ziruhusiwe kwenye Daraja la Kawaida.

Hoja yao, niseme kweli, ilikuwa nzuri. Mkubwa wao alisema, "Shikamoo Mwalimu. Kanuni inasema kama lilivyotoka dukani. Duka lipi? Langu limetoka Yokohama, limeshapita mikono ya watu watatu, shokapu zake hata Mjapani mwenyewe hakuzibadilisha kwa wakati. Leo nikienda Gerezani kule Dar, za asili sizipati. Nikipata, zimechakaa. Sasa ya asili ni ipi, iliyochakaa au iliyokuwamo miaka kumi iliyopita?"

Nani angejibu hilo? Kilosa haikuwahi kuwa na duka la kuuza magari. Tulikuwa tumeandika kanuni juu ya mahali pasipokuwapo. Na si sisi peke yetu, ingawa hilo nililisoma baadaye, kwenye majarida ya Kiingereza niliyoachiwa na madereva wa malori. Wakuu wa mchezo huu duniani waliandika kanuni mpya mwaka 1982 wakaweka Kundi N kwa ajili ya magari ya kawaida kabisa, wakasema la kawaida ni lile ambalo kiwanda kimetengeneza 5,000 ndani ya mwaka. Kundi B walilitaka magari 200 tu, likawaua madereva na watazamaji hadi likafutwa baada ya msimu wa 1986. Basi viwanda vikajifunza kwenda kinyumenyume. Mwaka 1992 Mitsubishi walitengeneza Lancer Evolution 2,500 ili kutimiza hesabu ya kanuni. Gari la mashindano likavalishwa namba za barabarani, likaitwa la dukani. Ukilinunua mtumba baada ya miaka kumi, nani atakuambia si la kawaida?

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema yuko tayari kufuta mstari wa kwanza wote. Shokapu, springi, injini, mtu aweke anachotaka. Ila kabla ya mbio kila mmoja aandike bei ya gari lake kwenye karatasi, aikunje, ampe mtunza saa. Mbio zikiisha, karatasi zifunguliwe, na mwanachama yeyote atakayeleta fedha hiyo kamili mkononi, aachiwe ufunguo.

"Ukiweka shokapu za milioni kwenye gari uliloliandika laki tano," alisema, "utakuwa umemwekea jirani yako."

"Na nikiandika milioni kumi?"

"Utashindana na wa milioni kumi. Wapo wangapi hapa?"

Kulikuwa kimya kidogo. Nadhani kama kimya kile kingeendelea dakika moja zaidi, pendekezo lingepita. Aliyekivunja ni mimi. Nilisema, "Mwalimu, hapa ni klabu au ni gulio la Kilosa?" Watu wakacheka mpaka mhudumu akatoka jikoni kuona kuna nini. Mwalimu naye alicheka. Alikuwa mtu wa kujua kucheka. Lakini jambo likishachekwa halipigiwi tena kura.

Kisha nikasimama nikasema habari ya usalama. Nilisema vizuri sana. Nilisema tusingoje mtu afe kwenye mkonge ndipo tubadili kanuni, nilimtaja yule mwenye Corolla na kiuno chake, nikanyoosha mkono kuelekea kwake naye akaitikia kwa kichwa. Tisa wakakubali, wanne wakakataa. Kalamu ikazunguka, ukurasa ukasahihishwa.

Ambacho sikukisema ni kwamba wiki tatu kabla nilikuwa nimeshuka Dar es Salaam kufuata spea, nikapata Gerezani shokapu nane za gesi, kutoka Japani, karibu mpya, kwa bei ya kutupa. Zilikuwa chini ya kitanda changu usiku ule. Mwezi haukuisha nikawa nimeuza sita. Mbili nilizibakiza, na kila fundi atajua zilikwenda kwenye Starlet ya nani.

Nilishinda mwaka uliofuata. Kikombe kipo, kimeshika kutu kwenye masikio.

Yaliyokuja baada ya hapo hayakuwa na ubaya hata moja, na hilo ndilo linaloniuma. Shokapu ngumu na springi laini haziishi nyumba moja, kwa hiyo mwaka 2000 tukaruhusu springi. Ni fundi gani angepinga? Gari likishakaa imara linaomba tairi. Kisha injini ya yule wa 120Y ikafa, ya aina yake haikupatikana, tukamhurumia tukamruhusu kuweka nyingine, na huruma hiyo tukaiandika kwa maneno mapana kiasi kwamba mwaka 2002 ndugu wa Iringa walikuja na Subaru yenye tabo. Tulilizunguka gari lile tukiwa na kaunta buku mkononi, tukasoma mstari kwa mstari. Halikuvunja kanuni yoyote. Tulikuwa tumelitengenezea njia sisi wenyewe, kwa kalamu.

Mwalimu alishindana mara ya mwisho mwaka ule. Nilikuwa nimesimama kona ya mwisho na bendera. Subaru ilipita, ikapita Starlet yangu iliyokuwa imeazimwa na kijana wangu wa gereji, yakapita mengine, vumbi likatua kabisa, tukaanza kukunja kamba. Ndipo ikatokea ile 504 ya rangi ya maziwa, kioo kimeshushwa, mkono wake nje, anaendesha kama mtu anayekwenda kununua mkate. Alisimama karibu nami. "Fundi," alisema, "bado mko?" Mwaka uliofuata alikuja kushika saa. Magari yaliyojiandikisha yalikuwa matatu. Mwaka 2004 hakuna aliyeitisha kikao, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wale vijana wa Iringa sina neno nao. Walikwenda kwenye mashindano makubwa, na ndiko mahali pao. Leo nchi ina Mkwawa Rally, na inapendeza kuona Watanzania wakikimbizana na Waganda na Wakenya kwenye magari ambayo bei yake ningeitaja mke wangu angedhani nazungumzia nyumba. Mimi nasikitikia wa chini yao. Kati ya gari hilo na boda boda, kwetu hakuna kitu.

Mwalimu alifariki 2011. Miaka kadhaa baadaye binamu yangu anayeishi Marekani, huko mashambani, alinipigia simu kunichekesha. Jirani yake alikuwa amempeleka kutazama mbio za magari machakavu kwenye uwanja wa udongo, Jumamosi usiku. Akaniambia, sikiliza ajabu hii: kwenye madaraja mengine aliyeshindwa anaruhusiwa kununua injini ya mshindi kwa bei iliyopangwa kwenye kanuni, na mshindi akikataa kuuza anaadhibiwa. Ndiyo maana, alisema, hakuna mwenye akili anayeweka injini ya ghali. Alisubiri nicheke. Nilimwambia mtandao unasumbua.

Hata wakubwa wamezunguka wakarudi pale pale. Ford Fiesta ya daraja wanaloliita Rally3, kwa ajili ya wanaoanza kupanda, ilipotoka ilipangiwa bei isiyofika euro 100,000, na bei hiyo yenyewe ndiyo iliyokuwa kanuni. Si fedha ya mtu wa Kilosa. Ila akili ile ni ya 1953.

Nikipita hifadhini Mikumi siku hizi, huwa natazama yale mabango yanayotaja faini ya kila mnyama ukimgonga, twiga na bei yake, nyani na bei yake. Mwalimu angeyapenda mabango hayo. Kilosa nako kumebadilika; treni ya umeme inasimama hapo, lami inasogea, na mto Mkondoa, uliofurika ukatufanyia ya kutufanyia mvua zile za mwisho wa 2009, unapita chini ya madaraja ambayo mjomba asingeyaamini. Nimeacha gereji. Mgongo.

Mwezi uliopita alikuja mpwa wangu, mtoto wa dada, anafundisha VETA. Yeye na wenzake wana Vitz na IST, wanataka kufanya mbio ndogo za kuzunguka mapipa, wamepata na uwanja. Alikuwa na kanuni kwenye simu, kazitoa nchi za watu, kurasa arobaini. "Mjomba," akasema, "wenzangu wanabishana kuhusu shokapu."

Nikamtolea kaunta buku. Alisoma akicheka mambo ya pilau, akashuka, akafika chini kabisa, mahali ambapo Mwalimu, usiku ule ule wa gesti, alikuwa ameandika pendekezo lake kwa utaratibu wake wa kuandika kila kitu hata kilichochekwa. Limekatwa kwa mstari mmoja. Mwandiko ni wino mweusi, mkato ni wa bluu. Kalamu ya bluu mezani ilikuwa moja, ile ya hesabu za gereji.

Mpwa aliinua ukurasa kwenye mwanga wa mlango akasoma polepole, neno kwa neno, mpaka kwenye ufunguo. Hakuuliza nani alikata. Alitoa simu akapiga picha.

"Sasa Vitz yangu niiandike bei gani, mjomba?"

"Andika ile ambayo ukihesabiwa mkononi," nikamwambia, "utarudi nyumbani kwa miguu bila kununa."

Akaketi kwenye kigoda, akaanza kupiga hesabu kwa vidole. Alichukua muda mrefu.